DADA STAA, HUYO ULIYEMCHEKA ANA KITAMBULISHO. CHA KWAKO KIKO WAPI?

Wadau, leo hakuna picha za harusi wala nani kamwacha nani. Mtanisamehe. Nina hasira, nimekaa nayo siku nne nikidhani itapoa, na haijapoa.

Kuna dada mmoja staa, simtaji, na nyie wa "tupe hata herufi ya kwanza" mtulie. Wengi wenu mnamfuata. Wigi zake mnazijua, kucha zake mnazijua, na lile gari jeupe mnalijua kuliko gari la baba yenu. Juzi kati alikuwa safarini mkoani kwenye mambo yake ya shoo, akapita mji mmoja asubuhi. Barabarani mgambo walikuwa wanawakimbiza kina mama wanaouza vitu chini. Dada yetu akashusha kioo kidogo, AC isitoke, akarekodi. Mama mmoja anakimbia na beseni kichwani, kandambili moja imebaki nyuma katikati ya barabara. Juu ya video staa akaandika kwamba mji umechoka, hawa watu ni uchafu, mgambo wapewe maua yao. Na vikatuni vitatu vya kucheka hadi machozi.

Stori ilikaa saa 24 kama kawaida, ikapotea. Ila kuna mtu aliiwahi, ikaingia WhatsApp, ikazunguka magrupu, na jioni ikanifikia kwenye grupu la ukoo. Grupu ambalo siku zote ni la michango ya misiba na picha za "asubuhi njema". Binamu yangu kaituma bila kuandika chochote. Nikaifungua nikiwa nacheka, nikidhani ni zile video za kawaida.

Mama wa kandambili ni mama yangu mdogo.

Kwa wasiojua, sisi kwetu ni Mofu. Ni kata iliyopo bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Ukimwambia mtu wa Sinza unatoka Mofu anadhani umekohoa. Ukisema Ifakara angalau anajibu "aah, mchele". Haya, huo mchele unaoupikia pilau Jumapili, na hao samaki wa mto unaowasifia kwamba hawana shombo la bahari, vinatoka kwa watu kama mama mdogo. Mto Kilombero ukijaa, bonde linageuka ziwa. Maji yakipungua yanabaki mabwawa, na Wandamba wamekuwa wakivua humo toka enzi za mababu. Perege, kambale, kitoga. Nyumba nyingi mwanaume anavua, mwanamke anauza. Na huwezi kumuuzia samaki jirani ambaye naye ana samaki. Lazima utoke, uende penye watu wenye hela mkononi, yaani mjini.

Kwa hiyo mama mdogo anaamka saa tisa usiku. Siku hiyo ya video alikuwa kanunua samaki wa elfu themanini, na hamsini kati ya hizo ni mkopo wa kikoba. Pikipiki elfu kumi na tano, tenga limefungwa nyuma, beseni kalipakata mwenyewe, vumbi lote ni lake. Anafika mjini kumekucha. Kabla jua halijawa kali inabidi awe ameuza, maana samaki mbichi hana subira. Nguo ya mtumba ikikaa wiki inabaki nguo. Perege akikaa mpaka saa nane mchana juani, hata paka anamwangalia mara mbili.

Nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi usimwonyeshe bibi yako."

Kisha akaniambia ilivyokuwa. Hakukaa popote pale alipojisikia. Alikaa sehemu ambayo miezi michache nyuma waliambiwa na hao hao wa halmashauri kwamba hapo mnaweza kukaa kwa muda. Hakuna aliyewaambia kwamba huo muda umeisha. Asubuhi hiyo gari likaja, vijana wakaruka. Beseni alilinyanyua akakimbia nalo, tenga likabaki. Baadaye akarudi, akalifuata gari, akatoa kitambulisho chake cha mjasiriamali ambacho kakilipia. Kijana wa mgambo akakichukua, akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Akamwambia kwa adabu kabisa: "Mama, hiki ni cha kufanya biashara. Siyo cha kufanya biashara hapa."

Mama akamuuliza, sasa hapa siyo, ni wapi? Kijana akasema yeye hajui, yeye katumwa kuondoa.

Mji wenyewe siutaji. Nikiutaja mtaanza kubishana kuhusu mji mmoja, halafu mkurugenzi wake atatoa taarifa kwa umma, na yataishia hapo. Hiki kitu kipo kila mji mnaoufahamu. Na hilo jibu la yule kijana, bila yeye kujua, ndiyo sera nzima ya biashara ndogo nchi hii. Unauziwa ruhusa ya kuuza. Pa kuuzia hupewi.

Tuongelee hicho kitambulisho basi, maana wengi mnakisikia tu. Desemba 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, akawagawia wakuu wa mikoa wakasambaze, bei shilingi 20,000. Maelezo yalikuwa kwamba mwenye nacho asisumbuliwe. Na kweli, tuseme haki, kwa muda fulani hakusumbuliwa. Mgambo walinywea. Machinga akawa anakivaa shingoni kama mfanyakazi wa benki. Lakini angalia kadi yenyewe: zile za mwanzo hazikuwa na jina wala picha ya mwenye kadi. Ukiiokota ni yako. Kitambulisho kisichomtambulisha mtu, jamani, hiyo ni risiti yenye kamba.

Sasa tumeingia toleo jipya, la kidijitali, chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. 20,000 tena, miaka mitatu, safari hii una jina na picha na taarifa zako zote zipo kwenye mfumo. Sawa, ni hatua, sikatai. Serikali sasa inakujua wewe ni nani, namba yako ya simu ipi, unauza nini. Kitu kimoja tu ambacho mfumo haukupi ni ule mita moja na nusu wa kuweka tenga.

Na hii habari haikuanza 2018. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Nguvu Kazi. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya kuhakikisha kila mtu ana kazi inayotambulika. Waliokutwa mjini bila kazi ya aina hiyo wakawa wanakamatwa na kurudishwa vijijini, na wauzaji wadogo wakapewa leseni zikaitwa hivyo hivyo, Nguvu Kazi. Miaka zaidi ya arobaini, karatasi imekuwa kadi, kadi imekuwa ya kidijitali, na mama wa Mofu bado anakimbia na beseni. Kandambili ndiyo zimebadilika, siku hizi za China.

Halafu kuna hesabu moja naomba mnisaidie nyie wa uhasibu. Kadi ile ya 2018 ilikuwa ya mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4. Mauzo, siyo faida. Gawanya kwa siku 365 unapata kama 11,000 kwa siku. Mama mdogo akinunua samaki wa 80,000 akauza kwa 110,000, akatoa pikipiki, akatoa ushuru, akatoa marejesho ya kikoba, anabaki na hela ya sukari na daftari la mtoto. Lakini kimauzo, ndani ya siku arobaini tu keshavuka mstari. Kwenye karatasi huyo siyo mdogo tena, ni mfanyabiashara, akatafute leseni na fremu kama wenzake. Mtu aliyekaa mezani akiandika hilo tarakimu hakuwa anamfikiria muuza samaki. Alikuwa anamfikiria muuza karanga, tena wa karanga chache.

Ona pia kwamba wakitaka kuandika kanuni yenye akili wanaweza. Mwaka 2017 walifuta ushuru wa mazao kwa mtu anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Sisi Mofu tupo Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, Ifakara ni Halmashauri ya Mji, vitu viwili tofauti. Zamani gunia lako la mpunga likivuka ule mpaka usioonekana unadaiwa kama umetoka Zambia. Mtu mmoja akakaa akafikiri, akasema mwenye magunia matatu siyo mlanguzi, ni mtu anayepeleka mtoto shule, aachwe apite. Kilo zikapimwa, mstari ukachorwa, kila mtu akauelewa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Tumrudie dada yetu.

Dada staa, wewe unauza nini? Unauza wigi, unauza mafuta ya ngozi, na kuna ile chai ya kupunguza tumbo ambayo sitaiongelea leo maana hiyo inahitaji blogu yake peke yake. Bei njoo inbox. Hela inatumwa kwenye namba ya simu, mzigo unakuja na bodaboda. Risiti hakuna. Fremu hakuna. Ukurasa wako wote ni gulio, tofauti ni kwamba hakuna mgambo anayeweza kuruka kutoka kwenye gari akaingia kwenye simu yako. Sisemi huna leseni. Nakuuliza tu kwa upendo kama mama yangu alivyoulizwa barabarani: kitambulisho kiko wapi, dada? Mwaka 2025 TRA walitangaza wafanyabiashara wa mtandaoni wote wajisajili. Nakumbuka wiki hiyo kwenye kurasa za mastaa. Mlilia. Mlisema mnaonewa, mnaanza tu, mtaji ni mdogo, mbona mapema. Maneno yale yale, neno kwa neno, ambayo muuza samaki akiyasema anaitwa mkaidi.

Na sisi wa huku kwenye blogu tusijitoe. 2018 hiyo hiyo zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, kwamba blogu ilipe laki moja ya maombi, milioni ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, tulipiga kelele hadi dunia ikasikia. Wapo waliofunga. Tulisema hii siyo kanuni, hii ni kufukuzana kwa bei. Tulikuwa sahihi kabisa. Swali langu ni kwa nini hasira yetu iliisha siku tulipopata namna ya kuishi nayo. Muuza samaki yeye hana hashtag.

Yupo na msanii mmoja, naye simtaji, historia yake yote ameijenga kwenye "nimeuza maji stendi". Kila interview stendi, kila wimbo mtaji wa elfu tano. Nikamtumia ile video nikasema kaka, sema neno. Akanijibu na mikono miwili ya kuomba. Basi. Na kuna mheshimiwa mmoja, hapo ndo mnataka jina kweli kweli, kipindi cha kampeni alikaa chini kabisa kwenye kigoda cha mama ntilie, akala wali kwa mkono, kapigwa picha kutoka pembe zote. Mwaka haujaisha namsikia redioni akisema wafanyabiashara hawa wanaharibu taswira ya mji. Taswira! Ile picha ya kampeni ilipigwa pale pale, mheshimiwa. Nyuma yako kuna mwavuli wa kampuni ya simu na ndoo za juisi ya ukwaju. Wewe ulikuwa unaing'arisha taswira, siyo?

Najua mtakavyokuja kwenye komenti. Mtu ataandika: kwa hiyo unataka watu wauzie barabarani, wagongwe na magari? Mwingine: mimi nina duka, nalipa kodi ya pango, nalipa TRA, huyu anakuja kupanga mbele ya mlango wangu anauza kitu kile kile kwa bei ya chini, hiyo ni haki? Hapana, siyo haki, na sitajifanya sikusikii. Mtaro ukizibwa na vibanda mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwa watu, na sisi wa bondeni maji hatuhadithiwi. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuta njia ya waenda kwa miguu imejaa viatu, atapita wapi? Gari la zimamoto litapita wapi? Haya yote ni kweli. Mji lazima uwe na utaratibu.

Ila mwenye duka naye tuambizane ukweli. Wa Kariakoo mnafahamu kuna maduka ambayo machinga aliyepo mlangoni anauza mzigo wa duka hilo hilo, kapewa na tajiri ampangie nje. Kwa nini? Kwa sababu mzigo ukitokea ndani unadai risiti ya mashine, ukitokea chini kwenye turubai haudai kitu. Halafu siku ya operesheni tajiri anafunga mlango, anakunja mikono, na anayekimbizwa ni kijana. Sasa nani hasa ndiyo mkwepa kodi hapo?

Na utaratibu ninaouona mimi ni mmoja tu unaorudiwa: ondoa. Oktoba 2021 Dar es Salaam waliondolewa, Kariakoo ikapitika, watu mkapiga picha za barabara tupu mkaandika "Dubai". Nilikuwepo. Baada ya muda walirudi, mmoja mmoja, kwanza jioni, kisha mchana. Siyo kwamba wanapenda kukimbizwa. Wateja walibaki Kariakoo. Muuzaji hafuati barabara, anafuata miguu ya watu. Kama miguu ipo pale, umpeleke Kigamboni umjengee na vyoo vya marumaru, atarudi pale.

Tunao ushahidi wa zege. Machinga Complex pale Karume, Ilala, imesimama toka mwaka 2010 hivi. Jengo la ghorofa, mkopo wa mabilioni kutoka NSSF, vizimba vya maelfu ya watu. Likakaa miaka na miaka bila kujaa huku machinga wakijazana chini kwenye mitaa. Kwa sababu nani anapanda ngazi ghorofa ya tatu kununua soksi? Machinga anauza kwa mtu anayepita, mtu ambaye hakuwa na mpango wa kununua. Aliyejenga alidhani tatizo ni kwamba hawana paa. Hakuna aliyesema hana paa. Walisema hawana pa kukaa, ni vitu viwili tofauti, na muuza nyanya yeyote angekueleza bure kabla hujakopa.

Sasa mnataka suluhisho, maana mkisoma hasira tu mnasema huyu naye analalamika. Poa.

India wana sheria ya wauzaji wa mitaani, ya 2014. Sisemi India ni peponi, huko nako wanapigwa na sheria ipo. Lakini isomeni. Inasema muuzaji asiondolewe mpaka wahesabiwe kwanza, wapewe vyeti. Inasema kila mji uwe na kamati ya kupanga wakae wapi, na wauzaji wenyewe wawe angalau asilimia 40 ya kamati hiyo, theluthi yao wanawake. Hebu fikiria mama mdogo kakaa kwenye kikao na afisa mipango miji, anamwambia baba, hapo unapopaonyesha asubuhi hapapiti mtu, sisi tunajua. Kikao cha saa moja kingeokoa zege lote la Karume.

Na kuna kifungu kilichonifanya nikae kitako. Wakikukamatia bidhaa, kama ni kitu kisichooza unarudishiwa ndani ya siku mbili za kazi. Kama ni kitu kinachooza, unarudishiwa siku hiyo hiyo uliyokwenda kukidai. Siku hiyo hiyo! Yaani kuna mtu kwenye bunge la watu bilioni na ushee alikumbuka kwamba samaki ni samaki.

Mama mdogo aliambiwa aje kesho saa nne. Alilala kwa mtu mjini, akaenda kesho yake saa nne. Tenga lipo, kwenye uwa wa ofisi, limekaa hapo toka jana, nzi wakubwa kwa wadogo. Wakamwambia alipe faini kwanza ndipo achukue mzigo wake. Nilimuuliza ulilipa? Akacheka, tena kicheko cha kweli kabisa, akasema, "Mwanangu, nilipe hela nikazike samaki?" Akaondoka akawaachia. Nasikia ile harufu iliwakalia wiki nzima. Sijui kama Mungu anafurahia vitu kama hivi ila mimi nilifurahia.

Huku kwetu vijijini hili jambo lilishatatuliwa zamani bila kadi. Mnada. Gulio. Jumatano ni kijiji hiki, Jumamosi ni kile, kila mtu anajua siku, anajua uwanja, wauza samaki upande ule, nguo upande huu, mbuzi kule mwisho. Unalipa ushuru wako wa siku, unapewa karatasi, jioni uwanja mweupe watoto wanacheza mpira. Hakuna anayemkimbiza mtu. Kinachouzwa pale siyo kibali cha kuwepo duniani, ni sehemu na saa. Sasa mji unashindwaje? Barabara ambayo mchana ni ya magari, saa kumi na mbili jioni ifungwe iwe ya wauzaji mpaka saa nne usiku. Samaki na mboga zipewe asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, baada ya hapo wafagie waondoke, wasipofagia wapigwe faini, hapo mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Na kadi hiyo ya kidijitali mliyokwisha kumuuzia, iandikeni namba ya sehemu. Barabara fulani, alama namba fulani, saa fulani mpaka fulani. Akikutwa nje ya hapo mkamateni. Akikutwa ndani ya hapo, anayemgusa ndiye avunjaye sheria.

Hiyo ndiyo tofauti ya kibali na risiti. Kibali kinamfunga na aliyekitoa.

Msinipelekee sana kwenye mikopo ya asilimia kumi, nayo najua mtaitaja. Ndiyo, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Vizuri. Lakini unamkopesha mtu kwa mkono huu anunue samaki, kwa mkono ule unabeba tenga. Halafu unamfuata kwa marejesho. Hata wale wa mikopo ya kausha damu hawajafikia ubunifu huo.

Lami ya Kidatu hadi Ifakara imefika, kama kilomita 67, na siku hizi wageni wanakuja mpaka wenye magari meupe. Tunashukuru kwa lami. Vumbi lile lilikuwa limetumaliza. Ila lami huwa haiji peke yake. Inakuja na alama za X kwenye vibanda, inakuja na neno "mandhari", na watu waliouza ndizi kwenye vumbi miaka ishirini wanaambiwa sasa panapendeza, mpishe. Miji ya bondeni inakua sasa hivi. Bado haijawa Kariakoo. Sehemu za watu kama mama mdogo zinaweza kuchorwa leo kwa chokaa na kamba, kazi ya siku mbili. Mkisubiri miaka kumi mtaleta greda.

Dada staa nilimtumia ujumbe siku ile ile. Sikumtukana, wala sikumwambia yule ni mama yangu. Nilimwandikia kwamba huyo mama ana kitambulisho, amekilipia, na nikamwomba tu aandike hivyo kwenye stori yake, mstari mmoja. Ameusoma. Naona amesoma. Jana asubuhi kaposti wigi mpya, bei njoo inbox.

Mama mdogo anarudi mjini Alhamisi. Kikoba wamemwongezea wiki mbili za marejesho, na mvuvi mmoja kamkopesha tenga moja kwa imani. Nimemuuliza safari hii atakaa wapi. Kasema, "Nikifika nitaona."